Biashara Zimeongezeka, na Ajira Je? Somo la Kusoma Takwimu za Biashara kwa Ukubwa Wake

Kila mwaka, majira ya kuandaa mapendekezo ya bajeti yanapofika, Kamati ya Maendeleo ya Kata huwekewa mezani taarifa yenye mstari mmoja ambao husomwa haraka kuliko mingine yote: idadi ya biashara zilizomo katika kata. Idadi ikiwa imepanda, wajumbe hupiga makofi na kikao huendelea na ajenda ya barabara au ya zahanati. Ikiwa imeshuka, hutafutwa wa kulaumiwa. Ni nadra kumsikia mjumbe akiuliza swali la pili, ambalo kwa kaya ndilo lenye uzito zaidi: biashara hizo zimewapa kazi watu wangapi, na ni biashara za ukubwa gani zilizowapa?

Swali hilo si la watakwimu peke yao. Idadi ya biashara huingia katika hoja za kujenga vizimba vya soko, za kutenga eneo la mafundi, za kupanga njia ya maji au nguzo za umeme. Kata ikiamini kwamba inakua kwa sababu leseni zimeongezeka, ilhali watu wake wanapoteza kazi, itajenga kisichohitajika na kukiacha kinachohitajika. Somo hili linaeleza jinsi mwananchi wa kawaida, asiye na kikokotoo wala shahada ya uchumi, anavyoweza kuisoma taarifa ya namna hiyo bila kupotoshwa nayo.

Ukubwa wa biashara hupimwa kwa nini

Nchini Tanzania, Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 iliweka vipimo viwili: idadi ya watu wanaofanya kazi na mtaji uliowekezwa katika mitambo. Biashara ndogo sana ni ile yenye mtu 1 hadi watu 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Biashara ndogo ina watu 5 hadi 49, na mtaji unaozidi milioni 5 hadi kufikia milioni 200. Biashara ya kati ina watu 50 hadi 99, na mtaji wake hauvuki milioni 800. Yenye watu 100 au zaidi, na mtaji unaopita milioni 800, ni kubwa.

Vipimo hivyo viwili havikubaliani siku zote. Mmiliki wa mashine ya kusaga na kukoboa nafaka anaweza kuwa na kijana mmoja tu wa kumsaidia, huku mashine, mota na gharama za kuvuta umeme zikiwa zimemla zaidi ya milioni 5. Kwa watu ni biashara ndogo sana. Kwa mtaji ni biashara ndogo. Sera ililiona tatizo hilo na kuamua kwamba pale vipimo vinapogongana, kiasi cha mtaji ndicho kitakachoamua. Ni uamuzi unaoeleweka, lakini una athari yake: shilingi milioni 5 za mwaka 2003 si milioni 5 za leo. Bajaji moja mpya huuzwa kwa fedha inayopita kiwango hicho. Mwenye kuhesabu kwa mtaji peke yake atajikuta akiwapandisha daraja watu ambao hawajaajiri hata mmoja, kwa sababu tu bei za vyombo zimepanda.

Kwa hiyo, mwananchi anapoonyeshwa jedwali la biashara kwa ukubwa, neno la kwanza la kuuliza ni hili: mmepima kwa watu au kwa fedha? Kwa mtu anayetaka kujua habari za ajira, kipimo cha watu ndicho kinachofaa, na ndicho kitakachotumika katika sehemu yote iliyobaki ya somo hili.

Picha ya nchi nzima

Utafiti wa kitaifa wa biashara ndogo sana, ndogo na za kati, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2012, ulikadiria kwamba Tanzania ilikuwa na biashara za aina hiyo zaidi kidogo ya milioni 3.1, na kwamba watu wapatao milioni 5.2 walikuwa wakifanya kazi humo. Takwimu hizo hunukuliwa sana katika hotuba ili kuonyesha ukubwa wa sekta. Zikigawanywa, hata hivyo, zinasema jambo jingine: kila biashara 10 zilibeba watu 16 au 17 tu, wenye biashara wakiwa ndani ya hesabu. Maana yake ni kwamba biashara nyingi zilikuwa na mtu mmoja, yaani mwenyewe, na baadhi zilikuwa na msaidizi. Hii ndiyo sura ya genge, ya mama lishe, ya kinyozi chini ya mwembe na ya fundi cherehani barazani.

Viwandani hali haikutofautiana sana kwa umbo. Sensa ya uzalishaji viwandani ya mwaka 2013 ilihesabu viwanda 49,243. Katika kila viwanda 100, takriban 85 vilikuwa vidogo sana, vyenye watu wasiozidi wanne, na 14 vilikuwa vidogo. Vya kati na vikubwa kwa pamoja havikufika kimoja katika mia. Ni takriban 420 kwa nchi nzima. Neno kiwanda humletea msomaji picha ya bomba la moshi na king'ora cha zamu, lakini kwa hesabu hii kiwanda cha kawaida nchini ni karakana ya useremala yenye fundi na vijana wawili.

Umbo hili, la msingi mpana sana na kilele chembamba, lina jina la utani miongoni mwa wachumi wa maendeleo: huitwa umbo lenye pengo katikati. Wadogo ni wengi mno, wakubwa wapo wachache, na wale wa katikati, ambao wangepaswa kuwa wadogo wa jana waliokua, karibu hawaonekani. Pengo hilo ndilo linalofanya hesabu ya biashara itofautiane na hesabu ya ajira.

Mfano wa kata moja

Tuchukue kata ya kubuni, isiyo ya wilaya yoyote, ili hesabu ionekane. Mwaka wa kwanza ina biashara 200. Kati ya hizo, 180 ni ndogo sana na zina watu 270. 18 ni ndogo na zina watu 150. Na mbili ni za kati, nazo ni kiwanda cha kukamua alizeti chenye watu 62 na ghala la kuchambua na kufungasha mazao lenye watu 58. Jumla ya watu wanaofanya kazi ni 540.

Katikati ya mwaka kiwanda cha alizeti kinafungwa. Sababu zaweza kuwa nyingi: mbegu zimeadimika, mafuta ya nje yameshusha bei, au mkopo wa benki umemshinda mwenye kiwanda. Watu 62 wanarudi nyumbani. Hawakai bure, kwa kuwa mtu mwenye watoto hakai bure. Mmoja ananunua pikipiki kwa mkataba na kuwa bodaboda, wengine wawili wanafungua genge, mwingine anakaanga chipsi karibu na kituo cha mabasi, na wengine wanarudi shambani kabisa. Wakati huo huo biashara ndogo zilizokuwa zikiwauzia chakula, nguo na vifaa wafanyakazi wa kiwanda zinaanza kupunguza watu. Moja inashuka kutoka watu sita hadi watatu, na hivyo inatoka katika daraja la biashara ndogo na kuingia katika daraja la ndogo sana. Nyingine 17 zinabaki katika daraja lao, lakini kwa ujumla zinapunguza watu wanane.

Mwaka wa pili taarifa inaandikwa. Biashara ndogo sana sasa ni 212 zenye watu 306. Biashara ndogo ni 17 zenye watu 136. Ya kati imebaki moja, yenye watu wale wale 58. Jumla ya biashara ni 230, na jumla ya watu ni 500.

Hapo ndipo mstari ule wa taarifa unapoandikwa kwa fahari: biashara zimeongezeka kutoka 200 hadi 230, sawa na ongezeko la asilimia 15. Hakuna uongo hata kidogo katika sentensi hiyo. Lakini ajira zimeshuka kutoka 540 hadi 500, na wastani wa watu kwa kila biashara umeshuka kutoka 2.7 hadi chini kidogo ya 2.2. Kata imepata biashara 30 zaidi kwa sababu imepoteza kiwanda kimoja. Makofi yaliyopigwa katika kikao yalikuwa ya msiba.

Si kwamba kila ongezeko la biashara ndogo sana ni dalili ya shida. Lami ikifika, stendi ikijengwa au chuo kikifunguliwa, biashara ndogo ndogo huchipua kwa sababu wateja wamekuja, na hiyo ni neema. Tofauti baina ya neema na shida haionekani katika idadi ya biashara. Huonekana katika nguzo mbili zikisomwa pamoja: biashara zilivyobadilika na watu walivyobadilika, kwa kila daraja la ukubwa. Biashara na watu vikipanda pamoja, na wastani usishuke, kuna ukuaji. Biashara zikipanda huku watu wakishuka, kuna kujihifadhi.

Zilizofunguliwa na zilizofungwa

Kuna tabaka jingine chini ya takwimu hizo. Katika mfano ule ule, biashara ndogo sana ziliongezeka kwa 32, moja ikiwa ile iliyoshuka daraja na 31 zikiwa mpya. Hizo 31, hata hivyo, ni salio tu. Huenda zilifunguliwa 70 na zikafungwa 39. Salio ni lile lile, lakini maisha ya watu si yale yale: biashara 39 kati ya 180 za mwaka uliopita, zaidi ya moja katika tano, zimefunga mlango, na pamoja nazo akiba za wenyewe, rehani za mashamba na pengine mikopo ya vikundi.

Nchi jirani ya Kenya ililipima jambo hili waziwazi katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016. Ilionekana kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika kipindi cha miaka mitano, na kwamba asilimia 46 kati ya hizo zilifungwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Utafiti huo ulikadiria biashara zilizokuwapo kuwa takriban milioni 7.4, na kati ya hizo milioni 1.56 tu, yaani moja katika tano, ndizo zilizokuwa na leseni.

Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kutuliza macho. Rejista ya leseni ndiyo chanzo kilicho karibu zaidi na ofisi za kata, na ndiyo maana taarifa nyingi huitegemea. Lakini leseni ya biashara hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Asiyeihuisha anaonekana katika rejista kama aliyefunga, hata kama jiko lake linawaka kila alfajiri. Na yule aliyekuwa akifanya kazi miaka kumi bila leseni, akija kuikata mwaka huu, anaonekana kama biashara mpya. Kampeni nzuri ya ukaguzi wa leseni inaweza kuzaa mamia ya biashara mpya katika makaratasi bila kuzaliwa hata moja mtaani.

Jambo kama hilo liliwahi kuonekana kwa upana nchini, vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilipoanza kutolewa Desemba 2018 kwa malipo ya shilingi 20,000, kwa ajili ya wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Watu ambao hawakuwahi kuwamo katika orodha yoyote ya biashara waliingia kwa mara moja. Machinga hawakuanza kuuza siku ile. Siku ile walianza kuonekana.

Hivyo swali la pili la kuuliza katika kikao ni kama idadi iliyosomwa imetoka katika rejista ya leseni au katika hesabu ya nyumba kwa nyumba, na kama mwaka uliopita ilitoka mahali hapo hapo. Ikiwa vyanzo ni tofauti, tofauti ya namba inaweza kuwa tofauti ya vyanzo tu.

Mtu wa tano

Sehemu hii ndiyo inayowachanganya hata wazoefu, na inafaa isomwe taratibu.

Mafundi wa kuchomelea vyuma katika mji mdogo wana karakana. Ni wanne, mwenye karakana akiwa mmoja wao. Wanapata zabuni ya madirisha ya shule, wanamwongeza kijana mmoja, wanakuwa watano. Ajira iliyoongezeka katika kata ni moja. Sasa tazama jedwali. Jana karakana hiyo ilikuwa biashara ndogo sana. Leo ni biashara ndogo. Daraja la biashara ndogo sana limepoteza watu wanne, na daraja la biashara ndogo limepata watu watano. Mwandishi wa taarifa asiyekuwa makini ataandika kwamba biashara ndogo sana zinapunguza ajira na kwamba biashara ndogo ndizo zinazoajiri. Ukweli ni kinyume chake: biashara ndogo sana moja imekua, na kwa kukua kwake imelitia daraja lake doa.

Kinyume chake nacho hutokea. Ile biashara ya watu sita iliyoshuka hadi watatu katika mfano wetu ililiongezea daraja la ndogo sana watu watatu, kana kwamba watatu hao wameajiriwa, ilhali watatu wenzao wamefukuzwa. Ukisoma daraja moja peke yake, kuanguka kwa mmoja huonekana kama kupanda kwa wengine.

Mjadala huu una historia ndefu ughaibuni. Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, David Birch wa MIT, alitoa ripoti iliyodai kwamba biashara zenye watu 20 au pungufu zilileta takriban theluthi mbili ya ajira mpya nchini mwake kati ya mwaka 1969 na 1976. Wanasiasa wa nchi nyingi waliipokea kwa mikono miwili, na hadi leo usemi kwamba wadogo ndio waajiri wakuu unatembea bila kutaja asili yake. Wachumi waliofuata walionyesha kwamba sehemu ya matokeo ya namna hiyo hutokana na jinsi biashara zinavyopangwa katika madaraja, kama ilivyo kwa mtu wa tano wa karakana yetu. Mwaka 2013 Haltiwanger, Jarmin na Miranda, wakitumia kumbukumbu za biashara za Marekani, walichapisha matokeo yaliyosogeza mjadala mbele: umri wa biashara ukiingizwa katika hesabu, udogo wenyewe hauelezi ukuaji. Zinazoongeza ajira kwa kasi ni biashara changa, ambazo ndizo pia zinazokufa kwa wingi. Biashara ndogo iliyozeeka, kwa kawaida, hubaki ilivyo.

Hilo halina maana kwamba Marekani na kata ya Tanzania ni sawa. Lina maana kwamba rejista ya kata ingefaa kuwa na safu moja zaidi: mwaka biashara ilipoanza. Ni safu isiyo na gharama. Ikiwepo, ofisi inaweza kumtofautisha muuza duka wa miaka 20, anayeridhika na duka lake na ana haki ya kuridhika, na kijana wa miaka miwili katika ufugaji wa kuku anayehitaji banda la pili na mtu wa kumsaidia.

Kwa nini wengine hawavuki

Ikiwa biashara changa hukua, kwa nini pengo la katikati haliziibiki? Jibu moja, ambalo wafanyabiashara hulisema kwa sauti ya chini, ni kwamba kila ngazi ina mlango, na kila mlango una ada.

Mtu wa kwanza kuajiriwa tayari humletea mwajiri wajibu wa kumwandikisha katika mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi, pamoja na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mauzo yakikua, kodi hubadilika, na kuanzia Julai 2023 mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka ndiye anayelazimika kujiandikisha katika Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa milioni 100.

Mlango unaoonekana wazi zaidi kwa upande wa ajira ni Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo wengi huifahamu kwa herufi SDL. Zamani ilimgusa mwajiri mwenye wafanyakazi wanne. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ilisogeza mlango huo hadi wafanyakazi 10, na Julai 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya jumla ya mishahara. Tuseme mwenye karakana ana wafanyakazi tisa, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mishahara ni 2,700,000 na tozo hiyo ni sifuri. Akimwajiri wa kumi, mishahara inafika 3,000,000, na kwa kiwango hicho cha 3.5 tozo ni shilingi 105,000 kila mwezi, kwa kuwa hutozwa juu ya mishahara yote kumi, si ule wa mwisho peke yake. Mtu wa kumi aliyedhaniwa kugharimu 300,000 anagharimu 405,000.

Mwenye karakana ana njia tatu. Anaweza kulipa, na wapo wanaolipa. Anaweza kubaki na tisa na kuikataa zabuni. Au anaweza kumchukua wa kumi kama kibarua wa siku, asiyeandikwa popote. Njia ya tatu ndiyo inayoharibu takwimu na, zaidi ya takwimu, inamharibia kijana mwenyewe: cheche ikimruka jichoni hana fidia, na akifanya kazi miaka mitano hana hata mchango mmoja. Kusogezwa kwa mlango kutoka watu wanne hadi 10 kulikuwa na maana kubwa kwa biashara za wilayani, kwa sababu mtu wa tano hadi wa tisa sasa wanaweza kuandikwa bila mwajiri kuiogopa tozo hiyo. Inasikitisha kwamba miaka kadhaa baadaye bado wapo waajiri wadogo wanaowaficha watu hao kwa kuikimbia tozo isiyowahusu tena.

Nani ahesabiwe

Limebaki neno moja juu ya kuhesabu watu. Mke anayekaa dukani mume anapokwenda kununua mzigo, mtoto wa kaka anayefundishwa ufundi bila mshahara, shangazi anayekuja kumenya ndizi siku ya gulio: je, ni ajira? Watakwimu wa nguvukazi wana desturi ya kuwatambua pia wanaosaidia katika biashara ya familia bila malipo, kwa sababu kazi ni kazi. Wenye biashara wengi huwasahau, kwa sababu kwao mfanyakazi ni yule anayelipwa. Watu wawili wakiulizwa swali moja katika nyumba moja wanaweza kutoa majibu mawili, na wote wakawa wakweli.

La busara ni kuwaandika wote lakini katika safu mbalimbali: wenye biashara, wanaolipwa, na wanaosaidia bila malipo. Zikichanganywa, duka la familia ya watu watano litaonekana kuwa sawa na karakana yenye waajiriwa watano.

Linamhusu nani

Linawahusu kwanza wanavikundi. Kisheria halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachoandika maombi kwa kawaida hueleza kitanunua nini. Kikieleza pia kilianza lini, mwaka jana kilikuwa na watu wangapi wanaofanya kazi, mwaka huu kina wangapi na mkopo utaongeza wangapi, kitakuwa kimempa Afisa Maendeleo ya Jamii kitu cha kupima, na mwaka unaofuata kitakuwa na cha kuonyesha.

Linawahusu pia wote wanaohudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti au Mtendaji akisoma idadi ya biashara, ni haki ya mwananchi kuomba isomwe na idadi ya watu, kwa madaraja, ikiambatana na zilizofunguliwa na zilizofungwa. Ikiwa rejista haina safu hizo, ombi lenyewe laweza kuingizwa katika muhtasari. Daftari moja na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, akipita nyumba kwa nyumba, vinatosha kwa kitongoji kizima kwa siku chache.

Zoezi

Kitongoji kimoja kilikuwa na biashara 40 mwaka jana, zote ndogo sana, zenye watu 64. Mwaka huu kina biashara 46 zenye watu 66. Moja kati ya hizo 46 ina watu sita, na mwaka jana ilikuwa na wanne. Zilizobaki zote ni ndogo sana. Biashara sita zilizoongezeka zimeleta ajira ngapi?

Jibu hupatikana kwa kuitoa biashara iliyokua katika hesabu za miaka yote miwili. Mwaka jana, bila hiyo, zilikuwapo biashara 39 zenye watu 60. Mwaka huu, bila hiyo, zipo 45 zenye watu 60. Watu wawili walioongezeka katika kitongoji wamo katika ile moja iliyokuwapo tangu mwaka jana.